Kompyuta ya skrini sita kwa ofisi ya biashara ya masoko ya fedha: nipunguze wapi, niongeze wapi?

Mshumaa Mwekundu

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Ninafanya biashara ya fedha za kigeni na hisa katika ofisi ndogo ya watu wawili, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikitumia kompyuta mpakato yenye skrini moja ya ziada. Hali imefikia mahali ambapo siku nzima nafungua na kufunga madirisha: chati ya saa moja inafunika chati ya dakika tano, kalenda ya uchumi inafunika orodha ya oda, na wiki iliyopita nilifunga oda isiyo yenyewe kwa sababu dirisha lililokuwa mbele yangu halikuwa lile nililodhani. Kosa hilo ndilo lililonifanya niamue kuundiwa kompyuta ya mezani yenye skrini sita, tatu juu na tatu chini, zote za inchi 24 na zenye pikseli 1920 kwa 1080.

Orodha niliyoandikiwa na muuzaji ni hii. Prosesa ya viini 16, kadi moja ya grafiki ya GeForce ya daraja la juu kabisa ambayo hutumiwa na wacheza michezo, kumbukumbu ya gigabaiti 64 katika vijiti vinne, mfumo wa kupoza kwa maji, diski ya SSD ya terabaiti 1 na pawa saplai ya wati 1,000. Kadi peke yake inakula karibu nusu ya bajeti yote. Nilipomuuliza kama kweli itawasha skrini zote sita, alinijibu kwamba kadi yenye nguvu kiasi hicho haiwezi kushindwa na chati.

Kazi yangu ya kila siku ni nakala mbili za programu ya biashara ya MetaTrader 5, kila moja ikiwa na chati zipatazo kumi na mbili zenye viashiria, kisha chati za TradingView katika kivinjari, lahajedwali moja kubwa na kurasa za habari. Mwishoni mwa wiki hufanya majaribio ya mikakati kwa kutumia data ya miaka iliyopita. Sichezi michezo na sihariri video. Ningependa kujua kama orodha hii inalingana na kazi yenyewe, na kama kuna kitu ambacho sikukifikiria kabisa.

---

Fundi Bisibisi

Ndugu Mshumaa, umefanya vyema kuuliza kabla ya kulipa, kwa sababu jibu la muuzaji wako halihusiani na swali ulilomuuliza. Kadi za GeForce za kompyuta ya mezani huwasha skrini zisizozidi nne kwa wakati mmoja, iwe ni kadi ya bei ya chini au ile ya bei ya juu kabisa. Zipo hata zenye matundu matano nyuma, na bado ukichomeka skrini ya tano inabaki nyeusi. Nguvu ya kuchora picha na idadi ya skrini ni mambo mawili tofauti, na mtu anayefanya kazi yako ananunua la pili.

Chati ni mistari, vijiti na herufi. Hakuna kivuli cha kukokotoa wala mwanga unaogonga maji, na ndiyo maana kadi ndogo ya kiofisi hubeba mzigo huo bila feni yake kusikika. Mimi hupenda kadi za aina ya NVIDIA T1000, ambayo ina matundu manne ya skrini ya aina ya mini DisplayPort na hutumia wati 50 tu. Tundu la PCIe, yaani lile la kuchomekea kadi kwenye ubao mama, hutoa hadi wati 75, kwa hiyo kadi kama hiyo haihitaji waya wowote wa ziada kutoka kwenye pawa saplai. Ndugu yake mdogo, T400, ana matundu matatu na hutumia wati 30. Ukiweka moja ya kila aina unapata skrini saba kwa umeme usiozidi wati 80, na zote mbili zinaendeshwa na draiva moja.

Hapo ndipo ubao mama unapoanza kuwa na umuhimu kuliko watu wanavyodhani. Unahitaji wenye matundu mawili marefu ya PCIe yaliyoachana vya kutosha ili kadi ya juu isizibe hewa ya kadi ya chini. Usishtuke ukisoma kwamba tundu la pili, ingawa ni refu, limeunganishwa kwa njia nne tu za data badala ya kumi na sita; kwa chati hutaona tofauti. Kinachopasa kukushtua ni ile sentensi ndogo katika kitabu cha maelekezo inayosema kwamba tundu hilo huzimika pale unapochomeka SSD katika nafasi fulani. Nimewahi kupoteza mchana mzima nikibadilisha kadi nzima na nyingine nzima, kumbe tatizo lilikuwa SSD ya pili niliyoichomeka mwenyewe asubuhi yake. Tangu siku hiyo husoma ukurasa wa mgawanyo wa njia za PCIe kabla ya kusoma kitu kingine chochote.

Ipo njia nyingine ya bei nafuu zaidi, nayo ni kutumia kadi moja ya matundu manne pamoja na grafiki iliyomo ndani ya prosesa, ambayo hutoa skrini mbili au zaidi kupitia matundu ya ubao mama wenyewe. Inafanya kazi vizuri kwa masharti mawili. Kwanza, prosesa iwe na grafiki hiyo. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni mwa jina hazina. Pili, ingia katika BIOS, yaani mipangilio ya ubao mama wenyewe, na uiwashe kwa makusudi, kwa sababu mbao mama nyingi huizima zenyewe mara tu zinapogundua kwamba kuna kadi.

Sasa prosesa. Katika MetaTrader 5, kila roboti ya biashara hupewa uzi wake wa kazi, lakini viashiria vyote vya alama moja ya soko hukokotolewa katika uzi mmoja, hata kama umeviweka katika chati kumi tofauti. Maana yake ni kwamba ukiwa na chati nyingi za jozi moja ya sarafu, mfano EURUSD, na kiashiria kimoja kizito kilichoandikwa ovyo, kiini kimoja kitahema huku vingine 15 vikitazama. Kwa kazi ya mchana, kasi ya kiini kimoja ni muhimu kuliko wingi wa viini, na prosesa ya viini sita au vinane yenye kasi ya juu inakutosha. Ila umetaja majaribio ya mwishoni mwa wiki, na hapo mambo yanageuka, kwani kijaribio cha MetaTrader 5 kinapotafuta vigezo bora hugawa kazi kwa viini vyote ulivyo navyo. Kama majaribio hayo hukuchukua saa nyingi na unayafanya kila wiki, nenda kwenye viini 12 au 16 bila kujilaumu. Kama unayafanya mara moja kwa mwezi, kompyuta ifanye kazi hiyo usiku wakati wewe umelala.

Kumbukumbu nayo, gigabaiti 32 katika vijiti viwili zinatosha, na gigabaiti 64 katika vijiti viwili ni anasa isiyo na madhara. Vijiti vinne vya DDR5 ndivyo ambavyo nisingeweka. Katika prosesa za Ryzen 7000, kasi rasmi ya kumbukumbu ni 5200 ukiweka vijiti viwili, na inashuka hadi 3600 ukiweka vinne. Ungekuwa unalipia zaidi ili upate kasi ndogo zaidi.

Ukitoa kadi ile kubwa, pawa saplai ya wati 1,000 haina kazi tena. Kompyuta yako itakuwa ikitumia wati 100 hadi 150 kwa sehemu kubwa ya siku, na vipimo vya kawaida vya ufanisi vya 80 Plus huanza katika asilimia 20 ya uwezo, kwa hiyo ungekuwa unaiendesha chini ya mahali ilipopimwa. Chukua ya wati 500 au 550 yenye daraja la Gold, kutoka kwa mtengenezaji anayetoa dhamana ndefu. Kuhusu kupoza kwa maji, pampu ni kifaa kinachozunguka ambacho siku moja kitasimama, na sipendi kuweka kitu cha namna hiyo katika kompyuta ambayo inashikilia oda za watu. Kipoza joto kikubwa cha hewa kikiharibika, kinachoharibika ni feni, nayo hubadilishwa kwa dakika tano.

---

Wino Mzito

Nakubaliana na Fundi katika mambo ya ndani ya kasha, lakini naona sote tunarukia idadi ya skrini bila kuuliza kama sita ndiyo idadi sahihi.

Nilikaa mbele ya skrini sita za inchi 24 kwa mwaka mmoja na nusu. Safu ya juu niliitazama kwa wiki mbili za kwanza, kisha shingo ikaanza kunifundisha adabu, na kuanzia hapo skrini tatu za juu zikawa mapambo: kalenda, habari, na chati moja ambayo sikuwa nikiifanyia biashara. Macho hupumzika yakitazama usawa au chini kidogo. Chochote unachokitazama kila dakika, orodha ya oda ikiwa ya kwanza, hakipaswi kukaa juu ya paji la uso.

Hesabu hii iliniondoa huko. Skrini moja ya inchi 43 yenye pikseli 3840 kwa 2160 ni sawasawa na skrini nne za pikseli 1920 kwa 1080, kila moja ikiwa na inchi 21 na nusu, isipokuwa hakuna fremu nyeusi inayokata katikati. Herufi zinabaki na ukubwa wa kusomeka bila kulazimika kukuza chochote. Programu ya bure ya PowerToys ya Microsoft inakuwezesha kuigawa skrini hiyo katika vyumba unavyotaka wewe, kisha dirisha ukiliburuta linaingia katika chumba chake na kutulia. Pembeni niliongeza skrini mbili za inchi 24, na sijatamani nyingine.

Nitoe tahadhari mbili. Usichanganye ovyo skrini zenye msongamano tofauti wa pikseli. Inchi 32 yenye pikseli 3840 kwa 2160 ikikaa karibu na inchi 24 ya kawaida itakulazimisha kuikuza moja na kuiacha nyingine, na programu za zamani zikivuka kutoka huku kwenda kule hugeuka ukungu. Inchi 43 haina tatizo hilo kwa sababu msongamano wake, pikseli 102 hivi kwa kila inchi, unakaribiana na wa inchi 24, ambao ni 92. Pia usidanganyike na bei ya runinga ya ukubwa huohuo. Baadhi ya runinga hupunguza taarifa za rangi kabla ya kuonesha picha. Filamu haikuoneshi kasoro, lakini namba nyekundu ndogo juu ya usuli mweusi huvuja kingo kama wino kwenye karatasi mbovu. Chukua skrini ya kompyuta yenye paneli ya IPS, maana iliyo pembeni utaitazama kwa upande siku zote.

---

Mshumaa Mwekundu

Nawashukuru sana. Kuhusu safu ya juu, Ndugu Wino, umenigusa, maana hata sasa skrini yangu ya ziada iko juu ya rafu na sijui mara ya mwisho niliitazama lini kwa makusudi.

Naelekea kwenye inchi 43 moja katikati na nne za inchi 24, mbili kila upande, za nje zikiwa zimesimama wima kwa ajili ya orodha ya oda na habari. Mwenzangu ofisini ana skrini mbili za inchi 24 zenye tundu la HDMI peke yake, na angependa tuzitumie. Je, kadi yenye mini DisplayPort inaweza kuziwasha? Nimesikia pia habari za adapta za USB zinazoongeza skrini bila kuhitaji kadi kabisa.

---

Fundi Bisibisi

Inaweza. Tundu la DisplayPort la kadi za aina hii linaweza kutoa mawimbi ya HDMI lenyewe, kwa hiyo adapta rahisi isiyo na chipu ndani inatosha kwa pikseli 1920 kwa 1080. Kumbuka tu kwamba kebo hizo zina mwelekeo mmoja. Kebo ya kutoka DisplayPort ya kadi kwenda HDMI ya skrini haifanyi kazi ukiigeuza, na wauzaji wengi hawalisemi hilo.

Skrini ya inchi 43 usiiunganishe kwa adapta ya namna hiyo. Ipe kebo kamili ya DisplayPort kutoka kwenye kadi, isiyozidi mita mbili. DisplayPort 1.2, ya mwaka 2010, tayari inabeba pikseli 3840 kwa 2160 kwa hezi 60, ilhali HDMI 1.4 inaishia hezi 30 kwa ukubwa huohuo, na ilibidi tungoje HDMI 2.0 ya mwaka 2013 ndipo hezi 60 zipatikane. Hezi 30 utazijua bila kipimo: sogeza kipanya kwa haraka utaona kishale kinaruka badala ya kuteleza, na ukiburuta mstari juu ya chati unakufuata kwa kuchelewa.

Adapta za USB hazitumii tundu la kadi ya grafiki; zinaitumia prosesa kubana picha na kuisukuma kupitia waya wa USB. Kwa ukurasa wa habari zinavumilika. Chati inayotikisika wakati takwimu za ajira zinatoka, ambapo kila kitu kwenye skrini kinabadilika kwa pamoja, itaitesa prosesa katika dakika ileile unayoihitaji. Mimi siziweki.

Kwa mpango wako mpya una skrini tano. Kadi moja ya matundu manne itabeba ya inchi 43 na tatu za pembeni, na ya tano itatoka kwenye ubao mama. Zile mbili za HDMI za mwenzako zihesabu humohumo: moja ichomeke moja kwa moja kwenye ubao mama, nyingine kwenye kadi kwa adapta.

---

Waya Mrefu

Naomba nichangie upande ambao haujaguswa. Mmeijenga kompyuta nzuri, lakini umeme ukikatika huku oda tatu zikiwa wazi, prosesa ya viini vyovyote vile haitakusaidia.

UPS, yaani betri ya akiba ya umeme, iingie katika bajeti tangu mwanzo, na fedha zilizookolewa kwenye ile kadi kubwa zinatosha. Usinunue kwa kutazama namba ya VA iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Tafuta wati, ambazo mara nyingi huandikwa pembeni kwa herufi ndogo na huwa pungufu. Kompyuta ya wati 150, skrini nne za wati 20 au 25 kila moja na ile kubwa inayoweza kufika wati 80, vyote pamoja vinakaribia wati 330, kwa hiyo UPS ya wati 600 inakuachia nafasi ya kupumua. Kama fedha inaruhusu, chagua inayotoa wimbi laini la umeme, kwani baadhi ya pawa saplai za kisasa haziyapendi mawimbi ya ngazi na huweza kuzima katika sekunde ileile ya kuhamia kwenye betri. Ruta nayo ichomekwe humohumo. Nimeona ofisi ambayo kompyuta zote zilibaki zikiwaka vizuri, kila mtu akitazama chati zilizosimama, kwa sababu kiruta cha wati 10 kilikuwa kimechomekwa ukutani.

Intaneti ipitie kwenye kebo, si Waifai. Waifai haina kosa la kuwa polepole; kosa lake ni kubadilika-badilika, milisekunde 5 sasa hivi na 80 baadaye. Weka pia njia ya pili ya intaneti kupitia mtandao wa simu, katika ruta inayohama yenyewe njia ya kwanza inapokatika.

Na kama unaendesha roboti, zisikae kwenye kompyuta hii hata kidogo. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo seva ya broka iliyo umbali wa kilomita 6,000 inakugharimu angalau milisekunde 60 kwenda na kurudi, na hakuna prosesa inayoweza kuzirudisha. Mabroka wengi wa fedha za kigeni wameweka seva zao katika vituo vya data vya London na New York. Kodi seva ndogo karibu na hapo, roboti zikae huko, na ofisini ubaki na chati za kutazama. Kwa oda za mkono milisekunde hizo hazina maana, kwa hiyo mtu asikutishe nazo.

Jambo la mwisho ni la dakika tano tu. Windows hukuruhusu kutaja hadi saa 18 za siku ambazo haitajiwasha upya baada ya masasisho. Ziweke zifunike saa za soko lako. Halafu katika BIOS washa ule mpangilio unaoifanya kompyuta iwake yenyewe umeme unaporudi.

---

Mshumaa Mwekundu

Sikuwa nimeifikiria ruta hata kidogo. Nimemwandikia muuzaji orodha mpya: viini 12 vyenye grafiki ndani, gigabaiti 64 katika vijiti viwili, kadi moja ya matundu manne, ubao mama wenye tundu refu la pili lililo wazi, pawa saplai ya wati 550, kipoza joto cha hewa na UPS ya wati 600. Jumla imekuwa chini ya ile ya kwanza hata baada ya kuongeza skrini ya inchi 43.

Swali langu la mwisho ni dogo. Mwenzangu huzima skrini zake kwa kitufe anapokwenda kula, na akirudi madirisha yote yamerundikana katika skrini moja. Je, tatizo ni kadi yake ya zamani, au hata hii mpya itafanya hivyo?

---

Fundi Bisibisi

Kadi haina kosa. Skrini nyingi zilizounganishwa kwa DisplayPort zikizimwa kwa kitufe, kompyuta huziona kama zimechomolewa, na Windows huyahamishia madirisha kwenye zile zilizobaki. Windows 11 ina mpangilio katika sehemu ya skrini unaoikumbusha mahali pa kila dirisha skrini inaporudi, na ndio wa kuwasha kwanza. Ukiona bado madirisha yanahama, ingia katika menyu ya skrini yenyewe uzime usingizi wake mzito, ambao katika baadhi ya skrini ndio unaokata mawasiliano. Mimi nilimaliza ugomvi kwa kuacha kugusa vitufe vya skrini. Nabonyeza Windows na L kufunga kompyuta, skrini zinalala zenyewe baada ya dakika chache, na nikirudi kila chati iko mahali nilipoiacha.